Upanga wa Jogoo: Tarehe ya Kuku wa Kilosa na Mikumi

Wapendao kuandika habari za Kilosa na Mikumi huanza na misafara ya pwani, wakafuatisha boma la Wadachi, kisha reli, kisha mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na tangu mwaka 1964, Mikumi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, hawakosi kuongeza tembo, nyati na simba wa mbuga ya Mkata. Na kuku, ambaye alikuwapo kabla ya boma, akatembea pamoja na misafara, akapakiwa katika gari moshi, na hata leo yumo katika kila ua wa bonde hilo, hupitwa kana kwamba hana tarehe. Mimi naona hiyo ni dhuluma kwa kuku na hasara kwa msomaji, maana ndege huyu huchukua nasaba yake hadharani: rangi ya manyoya yake, uchi wa shingo yake, kimo cha miguu yake, na zaidi ya yote upanga mwekundu ulio juu ya kichwa chake, ni maandishi ambayo ajuaye kuyasoma huweza kutambua wazee wake walikuwa akina nani, hata kama wazee hao walikwisha liwa zamani.

Asili ya kuku si Afrika. Babu yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, naye alifika mwambao wetu kwa bahari, katika vyombo vilivyofuata pepo za msimu. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, mji wa kale ulio kusini ya kisiwa cha Unguja, pamoja na vigae na shanga za wafanyabiashara wa zama zile. Uchunguzi wa urithi upitao kwa mama, uliochapishwa mwaka 2011, umeonyesha tena kwamba kuku wa Afrika ya Mashariki hawakutoka katika shina moja, bali ni wazao wa koo mbalimbali za Asia zilizoletwa kwa nyakati mbalimbali. Basi huyu tumwitaye kuku wa kienyeji ni mgeni aliyekaa mno hata ugeni wake ukasahauliwa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ya huyu ilikwisha oza.

Toka pwani mpaka Usagara njia ilikuwa moja kubwa, nayo ilikanyagwa sana katika karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikata Ukami, ikashuka katika tambarare ya Mkata, ambayo sehemu yake ya kusini ndiyo moyo wa hifadhi ya Mikumi ya leo, ikafuata bonde la mto Mkondoa na kupanda milima ya Usagara kuelekea Mpwapwa. Burton na Speke walipita nchi ya Wasagara mwaka 1857. Stanley aliivuka Mkata mwaka 1871 katika masika, tope likimfika mapajani na homa ikiwapukutisha wenzake. Na mwaka 1884 Carl Peters alikuja Usagara na mikataba yake, ambayo kwayo nchi nzima ilihesabiwa kuwa imeuzwa na watu ambao hawakujua kwamba wameuza. Kila msafara ulikuwa na wapagazi wengi wa kulishwa, na katika nchi ambayo mbung'o alizuia ng'ombe asistawi, kuku ndiye aliyekuwa nyama iliyo karibu na iliyo rahisi kubebwa. Kwa merikani, kwa kaniki, au kwa kete chache za ushanga, mwanamke wa Kisagara alimtoa jogoo wake akampa mpita njia. Yamkini pia kuku walirudi kwa njia iyo hiyo: mpagazi aliyebeba jogoo wa pwani juu ya mzigo wake, akashikwa na homa au akakosa chakula, alimbadilisha njiani kwa bakuli la mtama, na jogoo yule akabaki kijijini akaanzisha ukoo ambao hakuna aliyeuandika.

Maana pwani palikuwa na kuku wa namna nyingi, na Waswahili, ambao ni hodari wa kutoa majina, waliwaita kila mmoja kwa jina lake. Kuku asiye na mkia waliita kibutu; mwenye manyoya yaliyojipinda nyuma kana kwamba upepo umempiga dhidi ya mwelekeo wake, kidimu; mwenye shungi la manyoya kichwani, kibwenzi; mwenye shingo tupu, kishingo. Aliyepewa heshima kuliko wote alikuwa kuchi, kuku mrefu wa miguu, mpana wa kifua, mkali wa macho, aliyefugwa kwa kupiganishwa na kwa fahari ya bwana wake, na ambaye upanga wake aghalabu ni mdogo na umelala chapa juu ya kichwa, hausimami kama wa kuku wengine. Upungufu huo si wa bure, kwa kuwa upanga mkubwa ni mahali pa adui kushika kwa mdomo, nao ukichanika hutoka damu nyingi. Basi katika kila nchi iliyopenda vita vya majogoo, toka Bara Hindi mpaka Malaya, watu waliwachagua majogoo wa panga fupi kizazi baada ya kizazi, nao wakatua pwani yetu hali wamekwisha umbwa hivyo.

Huko Kilosa na katika vilima vya Mikumi kuku aliingia katika desturi za watu ambao wana mizani yao wenyewe ya nasaba. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, na Waluguru walio jirani zao, huhesabu ukoo kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana haki ambazo mahali pengine ni za baba. Mwanachuoni Mmarekani T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika vitabu kamili juu ya jambo hili. Lakini mtu yule yule ambaye kwake mwenyewe alihesabu akina mama, alipofika kwa kuku aliwaza jogoo. Jogoo ndiye aliyeombwa kwa jirani. Jogoo ndiye aliyetazamwa upanga, ndevu, kucha na sauti. Mtetea alitazamwa kama anaatamia vizuri na kama anajua kuwaficha vifaranga mwewe anapozunguka. Siwalaumu, kwa sababu jogoo mmoja ni baba wa ua mzima, na mwenye kutaka kubadili kuku wake upesi hana mlango mwingine wa kupitia. Walakini nitaonyesha baadaye kwamba mtetea ana siri zake katika urithi ambazo zingewachekesha wazee wa Kikaguru.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa na sababu tatu au nne, na hakuna hata moja iliyotoka katika kitabu. Ya kwanza ni maadui. Pembezoni mwa mbuga kama ile ya Mkata, mwewe, kicheche, nguchiro, fungo na paka-mwitu huishi kwa kuku wa watu, na kuku mweupe huonekana mbali. Basi weupe ulipungua wenyewe bila ya mtu kukusudia, wakazidi wekundu, wenye rangi ya majani makavu, na wenye madoa. Ya pili ni uganga na ibada: mganga aliagiza kuku mweusi asiye na doa, au mwekundu, au mweupe kabisa, au kidimu, na kaya iliyotaka kuwa na mali ya kuuza ilitunza jozi ya kuku wa rangi hiyo hata kama hakuwa na faida nyingine. Ya tatu ni wageni na kodi, ambavyo vyote viwili huja bila taarifa, na kwa vyote viwili kuku mzito ni bora kuliko mwepesi. Ya nne ni uzuri, na hili watu wa siku hizi hulidharau. Lakini mtu aliyekuwa na jogoo wa upanga mzuri alimwonea fahari, akakataa kumchinja mwaka hata mwaka, na kwa kukataa kwake akawa amechagua baba wa vifaranga mia.

Kulikuwa na desturi nyingine ambayo ilisambaza damu za kuku kuliko soko: kufuga kwa nusu. Aliyekuwa na mitetea wengi alimpa ndugu au jirani mmoja akae naye, na vifaranga waliokua waligawanywa baina yao. Kwa njia hiyo mtetea wa bondeni alifika mlimani, na wa Kikaguru akafika kwa Mvidunda, pasipo fedha. Na kwa njia hiyo pia mabishano yalizaliwa, kwa kuwa katika ua ambamo majogoo ya majirani hupishana, kifaranga asiyefanana na wazee wake hutiliwa shaka: mmoja husema ni wa jogoo wako, mwingine husema ni wa yule wa ng'ambo ya kijito, na upanga ndio unaotolewa kuwa shahidi. Shahidi huyo, kama tutakavyoona, husema kweli, ila husema kwa lugha ambayo wasikilizaji hawakuwa wamefundishwa.

Lugha hiyo ilifunuliwa Uingereza, katika ua wa kuku, mwanzoni mwa karne ya 20. Mtawa Gregor Mendel alikwisha chapisha mwaka 1866 hesabu zake za urithi wa njegere, zikalala bila kusomwa mpaka 1900. Na zilipofufuliwa, swali lilikuwa kama yale yaliyo kweli kwa mmea ni kweli kwa mnyama. William Bateson, mwanachuoni wa Cambridge, alikuwa akifuga kuku kwa majaribio yake, na katika taarifa aliyoitoa mwaka 1902 pamoja na Edith Saunders kwa Royal Society ya London, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuthibitisha kwamba hesabu ya Mendel hutawala wanyama pia. Kitu alichokitazama kilikuwa upanga. Mmoja wa kuku wake alikuwa Indian Game, ambaye damu yake imetoka kwa majogoo wapiganaji wa Bara Hindi na ambaye upanga wake ni mfupi wa mistari mitatu. Yaani ndege wa tabaka lile lile la kivita ambalo kuchi wa mwambao wetu anafanana nalo kwa umbo na kwa hulka. Hivyo kilichokuwa kikienda na kurudi katika nyua za Bagamoyo na Kilosa, na kilichowekwa katika daftari la Cambridge, havikuwa mbali sana.

Panga za kuku ni za namna nyingi, lakini nne zatosha hapa. Upo upanga wa msumeno, uliosimama peke yake na wenye meno. Ndio wa kuku-mwitu na ndio wa kuku wetu walio wengi. Upo wa waridi, mpana, uliojaa vijipele, na wenye ncha ielekeayo nyuma. Upo wa njegere, mdogo, wenye mistari mitatu iliyolala. Na upo wa jozi, uliokunjamana kama kokwa ya tunda liitwalo jozi. Jogoo wa waridi aliye safi akipewa mtetea wa msumeno, vifaranga wote hutoka na waridi; lakini vifaranga hao wakikua wakapandana wao kwa wao, katika kila wanne hupatikana kwa wastani watatu wa waridi na mmoja wa msumeno. Upanga wa njegere nao hufanya vivyo hivyo mbele ya msumeno. Ajabu ilikuja wakati waridi ilipokutanishwa na njegere: vifaranga hawakumfuata baba wala mama, bali wote walitoka na upanga wa jozi, ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Na jozi hao walipopandana, katika kila 16 walitoka kwa wastani 9 wa jozi, 3 wa waridi, 3 wa njegere, na 1 wa msumeno. Bateson na mwenzake Reginald Punnett walilitatua fumbo hili kwa kusema kwamba kuna mambo mawili ya urithi, siyo moja: moja huleta waridi, jingine huleta njegere, yakikutana yote mawili katika kichwa kimoja hufanya jozi, na yakikosekana yote mawili hubaki msumeno.

Tulete sasa hesabu hiyo katika ua wa Mikumi. Mtu ana kuchi wa upanga wa jozi, na mtetea wake vilevile ni wa jozi, wote wawili watoto wa kuku mchanganyiko; anawaatamisha, na kati ya vifaranga wake mmoja anatoka na upanga wa msumeno ulionyooka kama wa kuku yeyote wa barabarani. Majirani watasema jogoo mwingine aliingia usiku. Hakuingia mtu. Msumeno ulikuwamo katika damu ya wote wawili, umefunikwa, na siku hiyo mafuniko yote yalikosekana kwa kifaranga mmoja. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho chenye manufaa kwa mwamuzi wa ugomvi: kuku wawili wa msumeno hawawezi kuzaa kifaranga wa waridi, wa njegere wala wa jozi, na akitokea, hapo ndipo jirani ana haki ya kuulizwa jogoo wake alilala wapi.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba msumeno, ushindwao na waridi na njegere kila wanapokutana, ndio uliozagaa kuliko zote katika nyua zetu. Wengi hudhani kwamba sifa inayofunikwa na nyingine lazima ififie mpaka ipotee, na kwamba damu yenye nguvu humeza damu dhaifu. Siyo hivyo. Kufunikwa si kufa; sifa iliyofunikwa hupita kwa watoto kwa kipimo kile kile kama iliyofunika, na wingi wake hutegemea ni majogoo gani waliochaguliwa, ni mitetea gani walioponyoka mwewe na maradhi, na ni kuku gani walioletwa kutoka nje.

Na waliletwa wengi. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, iliigeuza Kilosa kuwa mji wa stesheni. Mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka kila upande wa nchi na hata kutoka nje yake, na watu waliohama na jamaa zao hawakuwaacha kuku nyuma. Katika miaka ya 1960 tawi la reli kutoka Kilosa likapita Mikumi mpaka Kidatu, karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ikaufanya mji mdogo wa Mikumi kuwa kituo cha malori. Kuku akaanza kusafiri kwa tenga badala ya kamba. Kisha katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliokuwa wamesambaa. Na nyua zilizokuwa mbalimbali, kila moja na ukoo wake wa kuku, zikawekwa ubavu kwa ubavu. Sijui jambo lililochanganya damu za kuku kwa kasi kama hilo, wala lililoyarahisishia njia maradhi yao kama hilo.

Maradhi yenyewe yana jina linaloogopwa: mdondo, au kideri. Yalitambuliwa mwaka 1926 huko Java na karibu na mji wa Newcastle wa Uingereza, na kabla ya Vita Kuu ya Pili yalikwisha ingia Afrika ya Mashariki. Mdondo ukipita katika kijiji huweza kuacha kuku wawili au watatu katika kila kumi, na mara nyingine huacha ua mtupu. Na hao wachache waliosalia ndio wawao wazee wa kijiji kizima kwa mwaka ufuatao. Ajuaye hesabu ya urithi hataona ajabu kwamba kijiji fulani kina vishingo wengi na kijiji cha pili hakina hata mmoja: pengine si watu waliochagua, ni mauti, na mauti hayakuangalia shingo.

Serikali, ya kikoloni na iliyofuata, ilitaka kuinua ufugaji kwa njia iliyoonekana nyepesi. Jogoo wa kizungu aliletwa, Rhode Island Red, Light Sussex au Black Australorp, ili apande mitetea ya kienyeji na kuongeza uzito na mayai. Kusudio lilikuwa jema, na kizazi cha kwanza aghalabu kilipendeza. Lakini majogoo hao walitoka katika nchi ambako kuku huletewa chakula na kufungiwa mlango; mabinti zao wengi walipungukiwa na hamu ya kuatamia, kwa kuwa wafugaji wa Ulaya na Marekani walikwisha ichuja hamu hiyo ili mtetea asiache kutaga; na mtetea asiyeatamia katika kijiji kisicho na mashine ya kutotolesha ni kama shamba lisilo na mbegu. Mimi nahukumu kwamba kosa halikuwa kuleta jogoo mgeni, kwa maana kuku wote ni wageni, bali kumleta na kuondoka, pasipo mtu wa kuhesabu wajukuu.

Kuhesabu kulianza kwa bidii baada ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kusimama kwa miguu yake mjini Morogoro mwaka 1984. Wataalamu wake waliwakusanya kuku wa kienyeji wa nchi hii kwa makundi, wakawapima uzito, mayai, na uwezo wa mwili kupambana na maradhi, na katika taarifa ya mwaka 2001 majina ambayo zamani yalijulikana vijijini tu yalichapishwa mbele ya wanachuoni wa dunia: kuchi, Singamagazi, Mbeya, Morogoro wa kati, na Ching'wekwe, kuku mdogo wa nchi za Morogoro. Ikadhihirika kwamba neno kienyeji lilikuwa gunia lililotiwa vitu visivyofanana. Katika chuo hicho hicho ilijaribiwa chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu, ambayo ni tone moja la jichoni lirudiwalo kila baada ya miezi 3 au 4. Nami nasema bila kusita kwamba tone hilo limehifadhi nasaba za kuku kuliko mipango yote ya majogoo, kwa kuwa huwezi kumchagua kuku aliyekwisha kufa.

Kisha ikawa zamu ya upanga kuchunguzwa tena, safari hii hadi ndani ya chembe. Wachunguzi walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza mwaka 2009 kwamba upanga wa njegere hutokana na kipande cha jeni iitwayo SOX5 kilichorudiwa mara nyingi, na mwaka 2012 kwamba upanga wa waridi hutokana na kipande kirefu cha kromosomu kilichogeuka kichwa chini miguu juu, kikaipeleka jeni moja mahali pasipo pake. Kugeuka huko, katika ncha yake ya pili, hukata jeni nyingine ambayo mbegu ya jogoo huihitaji ili iogelee vema. Matokeo yake ni kwamba jogoo mwenye nakala mbili za waridi, ambaye wafugaji wa maonyesho humwita safi na kumlipia fedha nyingi, ni dhaifu wa uzazi. Mwenye nakala moja ya waridi na moja ya msumeno ni mzima kabisa, na wakikaa ua mmoja huyu humshinda yule kwa watoto. Ndiyo maana wafugaji wa waridi wa Ulaya, kwa muda wa miaka mingi, walichinja kila kifaranga wa msumeno bila kuweza kuumaliza msumeno.

Mambo mengine ya urithi yana hila kama hiyo, nami nitayagusa kwa haraka. Shingo tupu hutawala: kishingo mwenye nakala moja hupungukiwa na manyoya kwa kadiri ya 20 mpaka 30 katika mia, mwenye mbili karibu 40, na wa nakala moja hutambulikana kwa kishungi cha manyoya kilichobaki chini ya shingo kwa mbele; na katika joto la Oktoba na Novemba katika bonde la Mkata uchi huo ni rehema. Kidimu wa nakala moja ana manyoya yaliyopinda, wa nakala mbili huwa karibu uchi na huugua kwa baridi, basi asipandishwe kidimu kwa kidimu. Na katika baadhi ya koo za kuku wafupi wa miguu ziko zile ambazo ufupi wa nakala mbili huua ndani ya yai, na vifaranga wanaototolewa huwa wafupi wawili kwa mrefu mmoja. Mwenye nyumba hulaumu joto, umeme wa mvua au jicho la jirani, na yai limekufa kwa hesabu tu.

Siri ya mtetea niliyoiahidi ni hii. Kwa kuku, mama ndiye aamuaye kama kifaranga atakuwa dume au jike, na sifa zilizopanda katika kromosomu ya jinsia yake huwapa wanawe wa kiume tu. Mtetea mwenye mistari myeupe katika manyoya, akipandwa na jogoo mweusi mtupu, huzaa wana wa kiume wote wenye mistari na mabinti wote weusi kama baba yao. Jambo hili lilielezwa na W. J. Spillman wa Marekani mwaka 1908, na wafanyabiashara wa vifaranga walilitumia kutenga dume na jike siku ya kwanza. Katika nchi ambayo binti huchukua ukoo wa mama, kuku wamepindua sheria: mama huwaachia wana wa kiume, na binti hutazama kwa baba.

Leo barabara ipitayo Mikumi hubeba vifaranga wa Sasso waliototolewa Iringa, ambao shina lao ni Ufaransa, na Kuroiler, ambao shina lao ni Bara Hindi. Mradi ulioanzishwa katika miaka ya 2010 na watafiti wa mifugo wa Afrika uliwapima kuku hao katika nyua za wanakijiji, na wengi wamewapenda kwa ukuaji wao. Mimi siwakatazi. Lakini kwa mfugaji ambaye bado ana uzao wa bibi yake, na ambaye ana jogoo wa waridi anayemwonea fahari, nina ombi. Kabla hujamkabidhi ua mzima, mtenge na mitetea wa upanga wa msumeno, uwaatamishe mayai yao, na uviangalie vichwa vya vifaranga tangu siku ya kutotolewa, maana upanga hutambulikana mapema. Akitoka hata mmoja wa msumeno, jogoo wako ana nakala moja tu ya waridi, na mbegu yake ni nzima, mweke. Wakitoka vifaranga 10 mfululizo na wote ni wa waridi, mhesabu kuwa ana nakala mbili na mpeleke sokoni. Uwezekano wa kukosea katika hukumu hiyo ni mmoja katika 1,024.